HABARI YA SAA KATIKA MPIRA WA MEZA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mlitutaka tuseme maneno machache juu ya mashindano makubwa ya mpira wa meza, kabla mkutano huu haujapitisha sheria za mashindano yetu wenyewe. Tuliisoma rasimu ya sheria hizo kwa uangalifu. Imetaja kimo cha wavu, hesabu ya pointi, ada ya kuingia, hata viatu vya wachezaji. Walakini haikutaja saa hata mara moja. Kwa sababu hiyo twaomba radhi ikiwa tutapita upesi katika miaka mingine na kukaa sana katika miwili, yaani 1936 na 1937, maana katika miaka hiyo mabingwa wa dunia walinaswa na tundu lile lile lililo katika rasimu yetu.

Mchezo huu ulianza Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, nao ulikuwa mchezo wa sebuleni baada ya chakula cha usiku. Shirikisho la mataifa liliundwa mwaka wa 1926, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo mashindano ya kwanza ya dunia yakafanywa mjini London. Rais wake alikuwa kijana wa miaka 22 aitwaye Ivor Montagu, akakaa katika kiti hicho hata mwaka wa 1967. Kombe la timu za wanaume lilitolewa na mama yake, Lady Swaythling, ndiyo maana laitwa kwa jina hilo hata leo. Wahindi nao walicheza katika mashindano hayo ya kwanza, jambo ambalo wengi hawalijui, hudhani kwamba mambo yote yalikuwa ya watu wa Ulaya peke yao. Wahungaria ndio waliotawala: Roland Jacobi na Bibi Mária Mednyánszky walikuwa mabingwa wa kwanza, kisha akaja Victor Barna, naye alishinda ubingwa wa mtu mmoja mmoja mara tano kati ya 1930 na 1935.

Sasa tufike Prague, mwaka wa 1936. Hapana budi kueleza kwanza namna watu walivyokuwa wakicheza. Vibao vyao vilikuwa na mpira mwembamba wenye vipele, usioweza kuupa mpira kasi nyingi. Wavu nao ulikuwa na kimo cha inchi 6¾. Ukipiga kwa nguvu, mpira wakwama wavuni au wavuka meza ukaanguka chini. Basi wenye akili wakatambua kwamba anayeshambulia ndiye anayekosa. Wakaacha kushambulia. Wakawa wanausukuma tu mpira juu ya wavu, polepole, wakingoja mwenzao achoke au akasirike. Kwa sheria hawakukosa neno. Kila mmoja alifanya lililo halali, na lililo halali likaua mchezo.

Katika mashindano hayo Alojzy Ehrlich wa Poland alikutana na Paneth Farkas wa Romania katika shindano la kombe la timu. Pointi ya kwanza, twasema pointi moja tu, ilichukua zaidi ya saa mbili. Mpira ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, na watazamaji wakatoka ukumbini. Husimuliwa kwamba mwamuzi alishikwa na maumivu ya shingo kwa kugeuza kichwa huku na huku, ikabidi mwingine akae mahali pake. Hata Austria na Romania walipokutana kugombea kombe lenyewe, shindano lao halikwisha kwa siku moja. Mwishowe Austria ndio walioshinda.

Huyu Ehrlich tusimcheke. Alifika fainali ya dunia mara tatu, mwaka wa 1936, 1937 na 1939, na mara zote alishindwa. Wakati wa vita Wajerumani walimfunga katika kambi ya Auschwitz kwa kuwa alikuwa Myahudi, naye akatoka hai. Mtu aliyeweza kusukuma mpira kwa saa mbili bila kukosa alikuwa na kitu ndani yake ambacho si cha kuchezewa.

Wakuu wa shirikisho waliaibika kwa mambo ya Prague, wakatengeneza sheria upesi. Wavu ukashushwa hata inchi 6, na hapo ulipo mpaka leo. Hilo lilikuwa jambo jema, maana liliondoa ugonjwa katika shina lake. Lakini wakaongeza na sheria nyingine: kila shindano likawekewa muda wake, na muda ukiisha kabla shindano halijaisha, mwamuzi asimamishe.

Mwaka wa 1937 mashindano yalifanywa Baden, katika nchi ya Austria. Fainali ya wanawake iliwakutanisha Bibi Ruth Aarons wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia, na Bibi Trude Pritzi wa Austria, mwenyeji wa nchi. Wote wawili walikuwa hodari wa kujilinda, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujihatarisha. Muda ukaisha. Mwamuzi akasimamisha mchezo kama alivyoagizwa. Basi nani bingwa? Wakuu wakaamua kwamba hapana bingwa. Wote wawili wakanyimwa, na katika daftari la mabingwa nafasi ya mwaka ule ikaachwa tupu.

Wenzetu, sisi tulio makarani twajua maana ya nafasi tupu katika daftari. Mtu akisoma baadaye hudhani kwamba hakuna aliyefanya kazi siku ile. Bibi Aarons alikwenda Baden akiwa bingwa, hakushindwa na mtu yeyote, akarudi kwao bila ubingwa. Bibi Pritzi angalau alipata faraja: mwaka uliofuata, 1938, alishinda ubingwa mjini London. Mwenziwe hakuupata tena.

Wako watakaosema kwamba sheria ilikuwa sheria, nao waliijua kabla ya kuingia. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Katika kazi zetu twaitumia kila siku. Lakini tuiangalie vema. Sheria ile ilikusudiwa kuwalazimisha watu wacheze. Adhabu yake haikutofautisha aliyeanza kuchelewesha na aliyelazimika kumfuata, wala haikutoa njia yoyote ya kumpata mshindi. Ilijua kuvunja shindano, haikujua kulimaliza. Kwa maoni yetu kosa halikuwa la mwamuzi wala la wale mabibi; lilikuwa la walioandika sheria kwa hasira ya mwaka mmoja.

Shirikisho lenyewe lilikuja kukubali. Mwaka wa 2001 liliamua kwamba Aarons na Pritzi waandikwe wote wawili kuwa mabingwa wa 1937. Miaka 64 ilikuwa imepita. Pritzi alikufa mwaka wa 1968, na Aarons mwaka wa 1980. Nafasi ilijazwa, ila wenyewe hawakuiona.

Yaliyofuata tutayataja kwa ufupi. Mwaka wa 1939 mashindano ya dunia yaliletwa Cairo, na Richard Bergmann akashinda kwa kumpiga Ehrlich yule yule. Afrika ilingoja tena miaka 84 kabla ya kuyapokea mara ya pili, huko Durban mwaka wa 2023. Twaona muda huo ni mrefu kupita kiasi, hasa tukikumbuka kwamba Quadri Aruna wa Nigeria alifika robo fainali ya michezo ya Olimpiki mwaka wa 2016, na ya mashindano ya dunia mwaka wa 2021.

Ama habari ya mwendo wa mchezo, iligeuka kabisa. Mwaka wa 1952 mjini Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alikuja na kibao kilichovikwa sponji nene. Kibao hicho hakikutoa sauti, na mpira ulikitoka kwa kasi ambayo wazee wa mchezo hawakuizoea. Akawa bingwa wa dunia. Mwaka wa 1959 ikabidi sheria iweke mpaka wa unene wa sponji. Tangu hapo wakuu wamekuwa wakihangaika kupunguza kasi: mwaka wa 2000 waliukuza mpira kutoka milimita 38 hata 40, ili upungue mbio na watazamaji wauone. Ndio watu wale wale ambao babu zao walitafuta dawa ya kuufanya uende!

Walakini wachezaji wa kujilinda hawajaisha, na sheria ya saa ingali inahitajiwa. Iliyopo sasa ni ya hekima kuliko ile ya Baden. Seti ikifika dakika 10 haijaisha, nazo pointi za wote wawili zikijumlishwa hazijafika 18, mwamuzi hasimamishi shindano, bali hubadili namna ya kulicheza. Tangu hapo kila mmoja huanzisha mpira mara moja tu, kisha mwenziwe. Anayepokea akiweza kuurudisha vema mara 13, pointi ni yake. Kwa hiyo anayeanzisha hana budi kushambulia, na kwa kuwa wanapokezana, mzigo huo huwaangukia wote sawasawa. Hapana anayenyimwa, na mshindi hupatikana.

Twapendekeza basi kwamba kifungu hiki kitiwe katika rasimu baada ya kile cha hesabu ya pointi. Kitahitaji watu wawili zaidi katika kila shindano, mmoja wa kushika saa na mmoja wa kuhesabu marudisho kwa sauti, maana mwamuzi peke yake hawezi kuyaangalia yote. Maneno ya kifungu tumekwisha kuyapiga chapa, na nakala ziko mezani kwa Bwana Katibu kwa yeyote atakayetaka kuzisoma kabla ya kura.