Mahari Ilikuwa ya Nani?

(Mafundisho yaliyotolewa kwa akina mama na vijana, Gisenyi)



Fungua Mwanzo 31, mstari wa 14 na 15. Sura ya 29 tunaihubiri sana: Yakobo hana fedha, anachunga mifugo miaka 7 kwa ajili ya Raheli, halafu 7 mingine. Vijana wanapenda hapo. Lakini tunaruka pale Lea na Raheli wanapomlalamikia baba yao kwamba amewauza, na fedha yao ameila yote. Umeona? Fedha YAO. Mabinti wale walijua kuna sehemu yao ndani ya ile miaka 14.

Nyumba ya wakati ule ilikuwa ni kazi: mifugo, shamba, kusuka nguo. Binti akiondoka, mikono miwili imeondoka, ndiyo maana baba alipewa kitu. Lakini mahari ilikuwa pia akiba ya mwanamke, mume akifa au akimwacha. Wayahudi waliokaa Elephantine kule Misri, karne ya 5 kabla ya Kristo, waliandika mikataba ya ndoa: mahari, nguo za mke, kioo chake, vyombo vyake, kila kimoja na bei yake. Na Aksa, katika Yoshua 15? Alishuka kwenye punda akamwomba baba yake chemchemi za maji, akapewa. Hakuona haya.

Wazee wetu wa Rwanda nao walijua. Ng'ombe wa inkwano akizaa, baba wa binti alipeleka mtamba kwa nyumba mpya, ndiyo indongoranyo. Siku hizi ng'ombe anakuja ndani ya bahasha, na bahasha haizai.

Mimi pia nimekuwa Labani. Mume wangu amekubali niseme. Mahari ya binti yetu tulinunulia mabati, nyingine tukalipa deni la duka. Kumbe mkwe alikuwa amekopa ili atupe. Mwaka mzima binti alipita Petite Barrière asubuhi na beseni la nyanya kichwani kwenda Goma, si kwa kula, ni kwa kulipa kile tulichokula sisi. Siku moja nilimkuta kwenye mstari, mimba ya miezi 6. Akanisalimia vizuri tu. Salamu ile ilinichoma.

Na wewe unayesoma, ni vijana wangapi kanisani kwako wanakaa pamoja bila harusi kwa sababu mahari haijatimia? Meza ya Bwana hawaigusi. Tunawatenga wao, Labani tunampa kiti cha mbele!

Sisi tuliuza mbuzi wawili, tukaongeza fedha ya kikundi cha akiba, tukanunua mtamba. Tulimpeleka wenyewe, kwa miguu. Mkwe akauliza, "Mama, huyu ni wa nini?"

Nikamwambia, "Ni wenu. Amechelewa tu."