Kitunguu Thomu Bustanini Kwetu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Marafa)

Kina mama wa kikundi kimoja walitujia na swali: je, tutoe pesa za mchango tununue mbegu ya kitunguu thomu, tulime, tukauze Malindi? Tunajibu hapa mwanzoni ili msingojee: hizo pesa msizitoe. Lakini thomu ya sufuria yako mwenyewe, panda.

Sisi tulijaribu. Tulinunua vichwa sokoni, tukatenga punje, tukapanda tuta zima mvua kubwa ilipoanza. Majani yalitoka mazuri, hata majirani walisimama kutazama. Baada ya miezi mitano tukachimba. Lo! Mingine ilikuwa shingo nene tu na mizizi. Mingine ilifanya kijitunguu kimoja cha mviringo, mfano wa gololi, kisicho na punje ndani. Tukaanza kulaumiana. Huyu asema samadi ilikuwa mbichi, yule asema maji hayakutosha. Kumbe kosa halikuwa la mtu.

Kitunguu thomu ni mmea uliozoea baridi. Mpaka upate baridi wiki kadhaa, ndipo kichwa chake kinapogawanyika vizuri kuwa punje nyingi. Kwa hiyo hapa Kenya hulimwa Meru, Nyeri na Narok, na Tanzania kule Mbulu na Lushoto, nchi za juu ambako usiku mtu hutafuta blanketi. Kwetu hata Julai shuka moja yatosha. Tena kule Uchina, kinakotoka kingi cha dukani, mchana hurefuka sana msimu wa joto ukikaribia, na hilo husaidia kichwa kujaa. Sisi mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima.

Basi tulime majani. Majani ya thomu huliwa, na ladha yake ni ileile, ila ya upole. Chagua kichwa kilichoanza kuchipua chenyewe, maana vingine vya dukani hutiwa dawa visichipue. Chomeka punje bila kuimenya, ncha juu, kina cha sentimita 3, nafasi ya vidole vinne. Karai bovu lenye matundu lafaa kabisa. Udongo wetu wa mchanga uchanganye na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Usiinue tuta juu. Nyari mnaijua, mnaona mvua inavyoukata udongo huu. Tandaza nyasi kavu juu, umwagilie kidogo kidogo, kwa maji uliyooshea mboga, si yale ya sabuni. Kuku nao wazuie, kwa kuchakura hawana mwenzao!

Majani yakifika shibiri moja, kata ya nje, acha ya katikati yaendelee. Yakatekate utie kwenye mchuzi wa samaki au kwenye mchunga. Mama aliyekuwa akinunua punje mbili mbili kila jioni, hapo amepumzika.

Kwa wanaotaka kichwa, kuna njia ya kujaribu. Mwishoni mwa Machi weka kichwa kizima ndani ya mfuko wa karatasi, umwombe mwenye duka akuwekee kwenye friji ya soda wiki 8, pasipo kuganda. Ukikitoa, panda punje siku hiyohiyo, mwisho wa Mei, mmea ukutane na miezi yetu ya ubaridi. Hatuahidi kitu. Jaribu punje 10, si gunia.

Na ile pesa ya kikundi? Wenye shamba karibu na mto Sabaki waulizie mbegu ya kitunguu maji chekundu, kama Red Creole au Bombay Red. Hivyo hujaa vizuri penye joto, na mchana mfupi si kitu kwavyo.

Watakaojaribu njia ya friji, tukutane hapa Novemba, kila mtu na alichochimba. Hata zile gololi zileteni.