Kamba Hukatikia Pembamba: Usalama wa Spika Zinazoning'inia Katika Kumbi za Dubai

Katika ukumbi mkubwa wa burudani au wa mikutano, mizigo inayotisha zaidi huwa juu ya vichwa vya watu, nayo si sehemu ya jengo: ililetwa na malori, ikapandishwa usiku, na baada ya onyesho itashushwa na kupelekwa kwingine. Mhadhara huu unachunguza aina moja ya mizigo hiyo, yaani safu za spika, na unautumia mji wa Dubai kama mfano, kwa kuwa mji huo umejenga kumbi nyingi katika kipindi kifupi na umezijaza mafundi kutoka kila upande wa Bahari ya Hindi, Waafrika Mashariki wakiwemo. Hoja yake ni kwamba chuma hakimwangushi mtu anayejua uzito wa mzigo, anayeweza kuifuata njia yake hadi ardhini, na aliyepewa mamlaka ya kuukataa. Pale inapokosekana mojawapo ya nguzo hizo tatu ndipo kamba, kama wasemavyo wahenga, hukatikia pembamba.

Sababu ya kutundika

Spika moja iliyowekwa sakafuni humchosha msikilizaji wa mbele kwa kelele na humwacha wa nyuma akikisia maneno, kwa kuwa sauti inayotoka katika chanzo kimoja hupungua kwa desibeli 6, yaani vipimo vya ukali wa sauti, kila umbali unapoongezeka maradufu. Mnamo mwaka 1992 mwanafizikia Mfaransa Christian Heil na kampuni yake ya L-Acoustics walileta mfumo wa V-DOSC, ambamo spika nyingi zinazofanana hupangwa wima, moja chini ya nyingine, zikafanya kazi kama chanzo kimoja kirefu ambacho sauti yake, katika masafa fulani ya mawimbi na ndani ya umbali fulani, hupungua kwa desibeli 3 tu. Safu ya namna hiyo inapotundikwa juu na kupindwa kidogo kuelekea chini, spika za juu huhudumia viti vya mbali na za chini huhudumia vya karibu, hivyo ukumbi mzima husikia karibu sawasawa.

Faida hiyo ya kifizikia ilizaa swali la kihandisi. Spika moja ya aina ya K2 ya kampuni hiyohiyo, ambayo hutumika sana katika matamasha, ina uzito wa kilo 56, na ndugu yake mkubwa K1 ina kilo 106. Safu ya K2 zipatazo 12 ina kilo 672 kabla ya kuhesabiwa fremu ya juu inayoibeba, winchi, minyororo na nyaya za umeme. Jukwaa la kawaida huhitaji angalau safu mbili, na tamasha kubwa huongeza za pembeni, za nyuma na za besi, kiasi kwamba sauti peke yake huweza kufikia tani kadhaa.

Njia ya mzigo

Msingi wa kazi yote ya kutundika ni dhana inayoitwa njia ya mzigo, yaani mfululizo wa viungo ambavyo uzito hupitia tangu kwenye spika hadi ardhini. Msomaji wa pwani anaweza kuielewa kwa kutazama jahazi likipandisha tanga: uzito wa foromali huchukuliwa na henza, henza hufungwa kwenye gofia, jarari hupita katika gofia na abedari, mlingoti hukandamizwa kuelekea chini, na mwisho wa yote hubebwa na mkuku. Kiungo kimoja kikilegea, uimara wa vingine hauna msaada. Mabaharia waliingiza maarifa hayohayo katika majumba ya maonyesho ya Ulaya, ambako kamba na makapi ya jukwaani yalisimamiwa kwa muda mrefu na watu waliojifunza kazi melini.

Katika ukumbi wa leo mfululizo huo huanza na pini zinazounganisha spika moja na nyingine, hupitia fremu ya juu, shakeli, yaani kipande cha chuma chenye umbo la herufi U kinachofungwa kwa pini, kisha ndoano ya winchi ya mnyororo, mnyororo wenyewe, ukanda wa kunyanyulia uliozungushwa kwenye boriti ya chuma, boriti yenyewe, nguzo za jengo, na hatimaye msingi. Kila kifaa cha kunyanyulia huandikwa kikomo cha mzigo wa kazi, ambacho ni sehemu ndogo tu ya mzigo unaoweza kukivunja. Uwiano kati ya viwango hivyo viwili huitwa kizidishi cha usalama: kwa kawaida ni 4 kwa mnyororo wa kunyanyulia, 5 kwa kamba ya waya, na 7 kwa mikanda ya nyuzi kwa mujibu wa viwango vya Ulaya. Kizidishi hicho si akiba ya kutumiwa na fundi anapopungukiwa na vifaa, kwa kuwa kimekwisha kutengwa kwa ajili ya uchakavu, mtikisiko na makosa madogo ambayo hakuna anayeweza kuyapima siku ya kazi.

Kosa linalotokea mara nyingi katika safu wima ni kudhani kwamba winchi mbili, ya mbele na ya nyuma, hugawana mzigo nusu kwa nusu. Fremu inapoinamishwa ili spika zitazame chini, sehemu ya chini ya safu hurudi nyuma, kitovu cha uzito husogea pamoja nayo, na winchi ya nyuma huanza kubeba sehemu kubwa zaidi, wakati mwingine karibu mzigo wote. Ndiyo maana fundi makini huhakikisha kwamba kila winchi inaweza kuubeba mzigo mzima peke yake, na huweka kipima mzigo, yaani chombo cha kielektroniki kinachoonyesha uzito halisi, kwenye kila sehemu ya kutundikia badala ya kutegemea hesabu ya karatasini peke yake.

Paa na pembe

Nyumba za kale za Dubai, kama zile za mtaa wa Al Fahidi, ziliezekwa kwa boriti za mikoko ambazo sehemu kubwa zilitoka pwani ya Afrika Mashariki, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, usiozidi sana mita 3. Biashara hiyo ilififia, na Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, lakini funzo lake halijapitwa na wakati: kila paa lina mipaka iliyowekwa na kile kilicholijenga. Coca-Cola Arena, iliyofunguliwa mwaka 2019 ikiwa na nafasi ya watu 17,000, ina paa lililosanifiwa kubeba hadi tani 190 za vifaa. Idadi hiyo huwapotosha wasio wahandisi, kwa sababu tani hizo husambazwa katika boriti nyingi, na boriti moja, tena katika sehemu yake dhaifu, huweza kuruhusiwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Kwa hiyo mchoro wa kutundika, unaoonyesha kila sehemu ya kutundikia na uzito wake, hupelekwa kwa mhandisi wa ukumbi kabla ya malori kufika.

Boriti mara chache huwa mahali hasa panapotakiwa spika, na hapo fundi hutumia miguu miwili ya waya inayotoka kwenye boriti mbili na kukutana katikati. Mzigo wa kilo 1,000 ukining'inia hivyo, na pembe kati ya miguu hiyo ikiwa nyuzi 60, kila mguu huvutwa kwa nguvu ya kilo 577 hivi. Pembe ikipanuka hadi nyuzi 120, kila mguu hubeba kilo 1,000 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Ikifika nyuzi 150, kila mguu huvutwa kwa kilo 1,930 hivi. Zaidi ya hayo, katika pembe ya nyuzi 120 kila boriti huvutwa kwa upande kwa nguvu ya kilo 866, ilhali boriti nyingi za paa zimesanifiwa kuvutwa kuelekea chini. Kapi nalo lina mtego wake: kamba ikipita juu ya kapi lililofungwa kwenye paa, na mtu akavuta upande wa pili akiwa sakafuni, paa hubeba uzito wa mzigo pamoja na nguvu ya mvutaji, yaani karibu maradufu ya mzigo.

Mshtuko, joto na upepo

Mzigo uliotulia ni mpole. Mzigo unaoanguka, hata kwa sentimita chache, hubadilika tabia. Spika ya kilo 50 ikianguka sentimita 30 kabla ya kamba yake ya pili ya usalama kukaza, na kamba hiyo ikaizuia ndani ya sentimita 1, nguvu inayoipata kamba ni takriban kilo 1,550, yaani uzito wa spika mara 31. Kamba ya usalama iliyolegea kwa hiyo huweza kukatika palepale ilipotarajiwa kuokoa, na kanuni ni kuifupisha kadiri inavyowezekana. Metali nayo hupatwa na uchovu, maana yake nyufa ndogo huongezeka kila inapokunjwa na kunyooshwa. Tarehe 28 Julai 2022, katika Hong Kong Coliseum, skrini iliangukia jukwaani wakati wa tamasha na kumjeruhi vibaya mcheza dansi mmoja. Wachunguzi wa serikali waliitaja kamba ya waya isiyokidhi ubora, iliyokatika kwa uchovu wa metali.

Nje ya kumbi, adui ni upepo. Kanuni inayotumika huonyesha kwamba shinikizo la upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: kwa mita 10 kwa sekunde ni nyutoni 61 kwa kila mita ya mraba, na kwa mita 20 ni nyutoni 245. Safu yenye uso wa mita 5 za mraba husukumwa katika kasi hiyo ya pili kwa nguvu ya kilo 125 hivi kwa upande, hata kabla ya kuhesabiwa athari ya umbo lake. Mwaka 2011 upepo uliangusha jukwaa katika maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, tarehe 13 Agosti, na kuua watu 7. Siku 5 baadaye dhoruba iliua watu 5 katika tamasha la Pukkelpop, Ubelgiji. Dubai hujulikana kwa jua, lakini pepo za shamali huvuma huko, na mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 iliyofurisha uwanja wake wa ndege ilionyesha kwamba hali ya hewa ya jangwani inaweza kubadilika ghafla. Kwa sababu hiyo mpango wa tamasha la nje huandikwa mapema kasi ya upepo ambayo ikifikiwa spika zitashushwa na ile ambayo ikifikiwa watazamaji wataondolewa, ili uamuzi usisubiri mabishano ya saa ya hatari.

Joto na chumvi ya bahari hufanya kazi polepole. Mikanda ya poliesta hudhoofishwa na mwanga wa jua na haifai kutumika kwenye joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo karibu na taa kali hutumika mikanda ambayo ndani yake mna waya wa chuma. Shakeli na minyororo inayohifadhiwa karibu na bahari huliwa na kutu ambayo huanzia mahali pasipoonekana kwa urahisi, na ndiyo maana ukaguzi wa kuishika kwa mkono na kuizungusha pini una thamani zaidi kuliko kuitazama kwa mbali.

Sheria na watu

Nchini Uingereza, kanuni za vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998 huagiza vifaa kama shakeli na mikanda vichunguzwe kikamilifu kila miezi 6, na mashine nyingine kila miezi 12, isipokuwa pale ambapo mtaalamu ameandaa mpango wake wa ukaguzi. Sekta ya burudani ya Ujerumani imezigawa winchi katika madaraja matatu: ya D8 hutumika kwa kunyanyua wakati hakuna mtu chini, na mzigo wake huhitaji kufungwa kwa njia ya pili kabla watu hawajaingia, ya D8+ ina breki mbili na kizidishi kikubwa zaidi, hivyo huruhusiwa kushikilia mzigo uliotulia juu ya watu, na ya C1 huruhusiwa kuusogeza mzigo huku watu wakiwa chini yake. Mbinu hizo husafiri pamoja na vifaa na wasanii, na Manispaa ya Dubai nayo hudai vyeti vya ukaguzi wa vifaa vya kunyanyulia kutoka kwa wakaguzi wasio sehemu ya kampuni inayovitumia.

Hata hivyo cheti hakipandi juu ya boriti. Anayepanda ni mtu. Mwaka 2019, kilele cha kuba la Al Wasl, chenye uzito wa tani 550, kiliinuliwa kwa jeki 18 za haidroliki katika eneo la maonyesho ya dunia ya Expo 2020 huko Dubai, kwa utaratibu uliopangwa na kupimwa hatua kwa hatua. Safu ya spika ya tani moja, kinyume chake, hupandishwa mara nyingi usiku, na kikundi kilichotoka kushusha onyesho lingine, mwenye tamasha akihimiza. Sheria ya Falme za Kiarabu inayokataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, hulinda mwili wa mfanyakazi dhidi ya joto. Uchovu wa usiku hauna saa yake, na hubakia jukumu la mwajiri kuupangia zamu.

Kikundi hicho kinaweza kuzungumza Kiurdu, Kimalayalamu, Kitagalogi, Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Desturi nzuri ya kazi huamua mambo mawili kabla ya winchi kuwashwa: amri ya kupandisha hutolewa na mtu mmoja tu, lakini amri ya kusimamisha inaweza kutolewa na yeyote, hata kibarua wa siku ya kwanza, na hutiiwa mara moja bila kuulizwa sababu. Desturi hiyo hufaulu tu pale ambapo kibarua haogopi kufukuzwa kazi kwa kuitumia. Mfanyakazi ambaye kibali chake cha kuishi nchini kinategemea mwajiri wake ana sababu nzito ya kunyamaza, na ukimya huo ni sehemu ya njia ya mzigo ambayo hakuna mchoro unaoionyesha.

Hitimisho

Mambo haya yanazihusu pia nchi za Afrika Mashariki. Kigali ilifungua ukumbi wake wa watu 10,000 mwaka uleule wa 2019, na matamasha ya nje ya Nairobi na Dar es Salaam hutumia kenchi za alumini na winchi zilezile zinazotumika Dubai. Vijana waliofanya kazi ya kutundika Ghuba hurudi nyumbani na ujuzi ambao mara nyingi hauna cheti kinachotambuliwa, wakati waandaaji wa matamasha hukodi vifaa visivyo na kumbukumbu ya ukaguzi. Vyuo vya ufundi vingeweza kuupima na kuutambua ujuzi huo kwa gharama ndogo kuliko kuanza upya; wenye kumbi wangeweza kudai mchoro wa mizigo uliotiwa saini kama sharti la kukodisha; na mikataba ya kazi ingeweza kuandika wazi kwamba anayesimamisha kazi kwa nia njema hakatwi ujira. Hatua hizo tatu hazihitaji ukumbi wa kisasa wala winchi mpya. Zinahitaji mwenye ukumbi akubali kwamba onyesho linaweza kuchelewa, na kwamba gharama ya kuchelewa huko ni yake, si ya fundi aliyesema mzigo usipande.