Hodi ya Pili

Msikilizaji, simu ya msiba haichagui saa. Huku Voi ni saa nne asubuhi, turubai limeshafungwa uani. Kule Wisconsin ni saa saba ya usiku, Januari, na binti aliye mwaka wa pili wa uzamili anaambiwa baba hayupo tena. Anachofikiria kwanza ni nauli. Nauli ndiyo ndogo.

Binti huyu yuko Marekani kwa viza ya J-1, ya wageni wa mabadilishano, ile ile wanayopewa vijana wetu waendao kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mpango wa Fulbright. Wengi hudhani viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ndiyo inayowaweka kule. Sivyo. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi mpakani, basi. Kinachokuweka ndani ni programu yako, na ushahidi wake ni fomu iitwayo DS-2019. Viza ikiisha ungali ndani, huna kosa, endelea kusoma. Ila ukishavuka kizingiti kutoka nje, utabisha hodi upya: kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, ulipe, ungoje miadi, uhojiwe. Umekuja kwa matanga ya siku nne, na muhula unakupita. Kwa jirani zetu Warundi ni kugumu zaidi: Juni 2025 Marekani ilisimamisha kuwapa viza mpya za aina hii, isipokuwa wachache.

Hata viza ikiwa hai, DS-2019 sharti iwe na sahihi ya safari kutoka kwa afisa wa programu. Sahihi hiyo hudumu mwaka mmoja, au hadi programu iishe, lipi litangulie. Na afisa naye hulala, Jumamosi hayupo. Ndiyo maana nasema iombwe mapema, wiki za mwanzo kabisa, wazazi wote wakiwa wazima. Najua wapo watakaoona ni kujitabiria mabaya. Mbona sanda watu hununua mapema?

Upenyo upo mmoja. Ukienda Kanada au Meksiko kwa siku zisizozidi 30, kwa kawaida viza iliyokwisha haikuzuii kurudi, mradi karatasi zako nyingine ziwe hai na usiombe viza mpya ukiwa huko. Ila Kanada nayo humdai Mkenya viza yake, kwa hiyo picha ya Niagara ng'ambo ya pili isubiri kwanza. Tena programu ikiisha, zile siku 30 za kufungasha ni za kutembea ndani tu. Ukitoka, umetoka.

Hayo yote hayajulikani pale Voi. Wajomba wanaulizana chini ya turubai: mbona haji, kwani ameshakuwa Mmarekani? Shangazi anashika simu, anaielekeza kaburini ili binti aone. Naye kule, kwenye baridi, pasipoti iko wazi mezani, viza imekwisha tangu Novemba.