Kibera Ina Watu Wangapi? Namna ya Kutafuta, Kusafisha na Kuonyesha Takwimu za Mtaa

Hotuba kwa wakazi wa Kibera na Kawangware



Kwa miaka mingi, karibu kila mgeni aliyeandika habari za Kibera alitaja nambari moja: watu milioni moja. Nambari hiyo ilichapishwa magazetini, ikasomwa katika mikutano ya wafadhili na kurudiwa majukwaani. Ni wachache waliouliza ilitoka wapi.

Kisha ikaja sensa ya Agosti 2009. Matokeo yalipotangazwa tarehe 31 Agosti 2010, Kibera ilikuwa na watu 170,070. Wengi hawakuamini. Lakini hata watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika kijiji cha Kianda, kisha wakakadiria Kibera nzima, walipata kati ya watu 235,000 na 270,000. Hesabu hizo mbili hazilingani, na ni haki kuuliza kwa nini. Hata hivyo, hakuna kati yake inayokaribia milioni.

Je, tofauti hiyo inamhusu nini mama anayepanga foleni ya maji? Inamhusu sana. Tuseme mpango unataka choo kimoja kwa kila watu 50. Kwa watu milioni moja, vinahitajika vyoo 20,000. Kwa watu 170,070, vinahitajika takriban 3,400. Mpango wa kwanza unatisha, na kazi inayotisha huahirishwa. Wa pili unaweza kugawanywa kwa miaka na kwa vijiji. Upande wa pili, hesabu ikiwa ndogo kuliko ukweli, kuna familia zitakazokosa zahanati na madarasa kwa sababu karatasi inasema hazipo. Nambari mbaya humuumiza mkazi, iwe kubwa mno au ndogo mno.

Hatua ya kwanza ni kutafuta. Takwimu za sensa hutolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, na vitabu vyake vinapatikana bure kwenye tovuti yake. Habari iliyo mikononi mwa ofisi ya umma ni haki ya raia chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulazimika kueleza sababu. Asiyeweza kuandika husaidiwa na afisa kuandika ombi lake. Ofisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ombi zuri hutaja kitu kimoja, mahali pamoja na kipindi kimoja: kwa mfano, orodha ya sehemu za maji za umma katika wadi ya Gatina mwaka uliopita.

Wakati mwingine habari haipo popote. Hadi 2009, Kibera ilikuwa karibu pengo tupu kwenye ramani za umma. Mwaka huo vijana kutoka vijiji vyake walishika vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni na kuweka alama shule, zahanati, vyoo na sehemu za maji. Kazi hiyo, iliyoitwa Map Kibera, iliwekwa kwenye ramani huru ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Waliojua njia ndio waliochora ramani.

Hatua ya pili ni kusafisha, na hapa ndipo makosa mengi hujificha. Orodha moja huandika Kibera, nyingine Kibra. Moja huandika Laini Saba, nyingine Line Saba. Kompyuta huona sehemu mbili pale mkazi anapojua ni moja, na shule moja huhesabiwa mara mbili. Anayesafisha huchagua tahajia moja, huondoa yaliyorudiwa, na huacha wazi pale pasipo na jibu. Sifuri maana yake hakuna kitu. Pengo maana yake hakuna aliyehesabu. Hayo si mamoja. Orodha ya asili huhifadhiwa bila kuguswa, ili kosa likitokea mtu aweze kurudi nyuma.

Kinachopotosha zaidi ni mipaka. Sensa ya 2019 ilitoa watu 185,777 kwa kaunti ndogo ya Kibra. Mtu mwenye haraka atatoa 170,070 na kutangaza kwamba Kibera imeongezeka watu 15,707 kwa miaka kumi. Amekosea, kwa sababu anaweka eneo la mabanda upande mmoja na kaunti ndogo nzima upande wa pili. Kwa Kawangware mtego ni huo huo. Kaunti ndogo ya Dagoretti ilikuwa na watu 434,208 mwaka 2019, lakini ndani yake kuna Kawangware pamoja na Riruta, Waithaka na mitaa mingine. Anayetaka idadi ya mtaa wake afungue majedwali ya lokesheni na lokesheni ndogo, si ukurasa wa kwanza wa muhtasari.

Hatua ya tatu ni kuonyesha. Chati nzuri hujibu swali moja, na jibu huandikwa juu yake kwa sentensi kamili. Mihimili ianzie sifuri, la sivyo tofauti ndogo itaonekana kama mlima. Idadi igawanywe kwa watu. Tuchukue mfano wa kubuni: kijiji kimoja kina vioski 10 vya maji na watu 20,000, cha pili kina vioski 6 na watu 6,000. Kwa kuhesabu vioski, cha kwanza kinaonekana kubahatika. Kwa kuhesabu watu, kioski chake kimoja kinahudumia watu 2,000, mara mbili ya kile cha jirani. Foleni ndefu iko huko.

Chati haihitaji kompyuta. Karatasi ya manila na kalamu mbili za rangi zinatosha ukutani mwa ukumbi. Chini yake paandikwe nani alihesabu, lini, na eneo gani. Majina ya wagonjwa au ya watoto yasiwekwe kamwe; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu binafsi.

Karatasi hiyo ina wakati wake. Kila mwaka, Mpango wa Maendeleo wa kaunti hufika kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, Taarifa ya Mkakati wa Fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Wananchi hualikwa kutoa maoni. Anayesimama na kusema "maji ni shida" husikika na kusahaulika. Anayesimama na chati inayoonyesha kijiji gani, watu wangapi na vioski vingapi, humwachia afisa kitu cha kujibu.

Basi nambari yoyote ikitajwa, hata ikitoka kwa kiongozi au kwa ofisi ya serikali, mkazi ana haki ya kuuliza maswali matatu: Nani alihesabu? Lini? Mpaka upi?