Mgonjwa wa Moyo na Kitanda Chake



Hadi katikati ya karne iliyopita, aliyepata mshtuko wa moyo Marekani au Ulaya alilazwa chali wiki nyingi, mara nyingi sita. Alilishwa, akaogeshwa, akageuzwa. Hoja haikuwa ya kipuuzi: sehemu ya msuli wa moyo imekufa, kovu halijakaza, basi usitikiswe. Lakini wapo waliouawa na damu iliyoganda miguuni ikapanda hadi mapafuni, kwa sababu ya kulala huko huko.

Mwaka 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walichapisha habari za wagonjwa 81 waliokalishwa kitini mapema. Kiti tu, hakuna aliyekimbizwa. Hata hivyo walipingwa na wenzao. (Lown huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha madaktari dhidi ya silaha za nyuklia, kilichopata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1985. Kubishana na wakubwa alianza zamani.)

Lakini ushahidi unaonishika zaidi haukutoka kwa mgonjwa. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana watano wazima wa afya, wa umri wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki tatu. Kabla ya hapo, wakijikakamua hadi mwisho wa nguvu zao, miili yao ilitumia wastani wa lita 3.3 za oksijeni kwa dakika. Walipoinuka, lita 2.4. Miaka 30 baadaye watafiti wakawapima tena wale wale, sasa watu wazima walionenepa: uzee wa miongo mitatu ulikuwa umewapokonya kidogo kuliko zile wiki tatu.

Sasa mlaze hivyo mzee wa miaka 60 mwenye moyo uliojeruhiwa. Akiinuka anahema kwa safari ya chooni, nasi tunaandika kwenye faili kwamba moyo umezidi kuchoka. Huenda kilichochoka ni mapaja. Ukimpima mwenye moyo dhaifu akiwa ametulia, ukajua kila pigo linasukuma damu kiasi gani, bado huwezi kukisia vizuri atatembea umbali gani. Mengi yameshaharibika misulini: imesinyaa, na uwezo wake wa kuchota oksijeni kwenye damu umepungua.

Mazoezi huanza kutengeneza huko. Msuli uliozoezwa huchota oksijeni zaidi katika damu ile ile, hivyo kwa ngazi zile zile mapigo na presha hupanda kidogo kuliko zamani. Mishipa ya moyo inaweza kuwa imeziba vile vile, lakini kifua kilichokuwa kikibana kwenye ghorofa ya kwanza sasa hakibani hadi ya pili.

Kuna mtego mmoja. Kanuni ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kikomo cha mapigo haimfai anayemeza bisoprololi au atenololi. Dawa hizo huyashikilia mapigo chini. Mwambie atembee kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba, na asisimame ghafla: damu ikibaki miguuni, kizunguzungu kitamwangusha. Mwenye maumivu ya kifua hata akiwa amekaa, au vali ya aota iliyobana sana na kumletea dalili, asianze kabla hajatibiwa.

Ninachoomba kwa hospitali zetu hakihitaji mashine. Upimwe ukumbi wa mita 30, mgonjwa atembee dakika sita, umbali uandikwe. Kisha fomu ya kumruhusu kwenda nyumbani iwe na nafasi ya dozi ya kutembea: dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na akiona dalili gani asimame. Daktari atakayeandika hapo “apumzike” atueleze kwa nini, na hadi lini.