Macho kwanza, balo baadaye

(Maneno ya mama mmoja, mwanachama wetu, katika mkutano wa mwezi hapa Lubumbashi. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika na marafiki wanaochangia sanduku letu.)



Mama prezidenti ameniomba niseme juu ya salaula. Sababu ninaijua. Wanachama watatu wameomba mkopo katika sanduku ili wanunue balo, na wote watatu wamesikia hadithi ileile: kuna mtu alifungua balo kwenye soko la Kenya, hapa mjini, akakuta viatu vya ngozi vya Italia, akajenga nyumba. Mimi niko ndani ya kazi hii tangu Zambia. Hiyo nyumba bado sijaiona. Nimeona watoto wakila na kusoma kwa salaula, na nimeona pia feza ya watu ikipotea humo. Leo nitasema yote mawili.

Wengi wenu tulitoka pamoja. Vita ilipofika Pweto mwishoni mwa 2000 tulivuka kuingia Zambia, na mimi nikakaa miaka ya kambi kule Kala, upande wa Kawambwa. Huko ndiko nilikojifunza. Salaula ni neno la Kibemba: kuchagua kwa kufukua rundo. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema mitumba, kwa ajili ya namna nguo zinavyofungwa. Kibemba kinasema kazi yenyewe ya mkono, na mimi ninakipenda kwa hilo. Niliporudi sikuwa na mali. Nilikuwa na sindano, nyuzi, na macho yaliyozoea kufukua.

Sasa sikilizeni balo inatoka wapi. Watu wa Ulaya na Marekani wanatoa nguo. Makampuni yanazichambua, yanazipanga kwa aina na kwa ubora, yanazibana kwa mashine, kisha yanaziuza kwa kilo. Balo nyingi ni za kilo 45. Nyingine zinashuka Dar es Salaam, zinapanda malori, zinapita Zambia, zinaingia kwetu Kasumbalesa. Maana yake ni hii: kabla mkono wako haujagusa, mikono mingine mingi imeshapita. Kitu cha ajabu kinaweza kuwaponyoka, ndiyo, lakini wale ni watu wa kazi. Usifikiri wamekuacha wewe dhahabu.

Na balo unainunua imefungwa. Ni mbuzi ndani ya gunia. Mwaka wangu wa kwanza katika chama nilikopa kwenye sanduku nikanunua balo ya nguo za watoto. Nje iliandikwa vile. Ndani, juu kulikuwa na nguo za watoto kweli. Katikati kulikuwa na suruali nene za kuchezea theluji. Theluji, Lubumbashi! Nilirudi kwa mwenye kuuza, akaniambia: «Mama, balo ikisha kufunguliwa ni yako.» Nilichelewa kulipa miezi minne. Katika hiyo miezi, mama mwingine wa chama alikuwa anangoja zamu yake ili alipe minervali ya mtoto. Sanduku lilikuwa tupu. Mtoto akafukuzwa darasani. Yule mama hakunigombeza hata siku moja. Njo maana ninasimama hapa. Feza ya sanduku, ukiipoteza, unaipoteza pamoja na ya mtu ambaye hakuwa hata sokoni.

Kwa hiyo ninasema: macho kwanza, balo baadaye. Kwa miezi miwili au mitatu usinunue balo. Amka mapema, fika wakati wengine wanafungua zao. Wenye kuuza wanajua ni siku gani. Nunua kipande kimoja, viwili, kwa feza yako ndogo. Ukikosea, unakosea kwa bei ya mkate.

Mkono unaangalia nini? Usianze na jina lililoshonwa kwenye shingo. Jina linashonwa popote. Geuza nguo ndani nje. Nguo nzuri imemalizwa vizuri hata pale pasipoonekana: mshono umenyooka, hakuna nyuzi zinazoning'inia. Vuta zipu mara tatu. Inua kwapa na pindo la kola kwenye mwanga, ndiko nguo inakochoka kwanza. Unataka kujua kitambaa? Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uwashe. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na ndugu zake zinayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kiatu je? Kiinamishe, ngozi ya kweli inakunja mikunjo midogo. Angalia kama soli imeshonwa kuzunguka au imegandishwa tu. Ya kushonwa, fundi anaweza kuibadilisha na kiatu kikaishi tena. Na mifuko yote itazame. Ukikuta kitambulisho au picha ya mtu, usiitembeze sokoni watu wachekelee. Sisi tunajua kuacha vitu nyuma ni nini.

Sasa, ile mali ya kweli. Kijana mmoja wa kwetu alifukua koti la jinzi la Levi's. Kile kitambaa kidogo chekundu cha mfukoni kilikuwa na E kubwa. Tangu 1971 kampuni ile inaandika e ndogo, kwa hiyo E kubwa mara nyingi ni alama ya nguo ya zamani, na kuna watu ng'ambo wanazitafuta kwa feza nyingi. Kijana alijua. Alinunua kwa bei ya kawaida, moyo ukimpiga. Je, aliuza? Aliuza, kwa bei nzuri sana, lakini baada ya miezi minane, kwa sababu mwenye kuitaka hakuwa Katuba wala Kamalondo. Siku ileile aliyolipata, mama aliyekaa kando yake alikuwa na mashuka na mapazia. Saa sita mchana alikuwa amemaliza, amenunua unga, ameenda nyumbani.

Simsemi vibaya yule kijana. Feza ilikuwa yake, na mtu anaweza kungoja na feza yake. Feza ya sanduku haina miezi minane ya kungoja.

Fanyeni hesabu kabla ya kuota. Tuseme balo na usafiri ni dola 120. Ndani mna vipande 150. Toa 30 vilivyopasuka au visivyofaa hapa kwetu. Vinabaki 120. Basi kila kimoja lazima kikurudishie dola moja ndipo uanze kusema «faida». Kile kipande kimoja cha ajabu usikiweke kwenye hesabu. Kikija, kiwe matabishi.

Na kuna mambo ambayo hata macho hayaoni. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizi kutoka senti 20 za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kilo. Mtu aliyeweka kila kitu chake kwenye balo aliamka masikini. Sanduku lote lisiende soko moja.

Ombi langu kwa kamati ni hili. Wale watatu wasipewe balo tatu. Wapewe moja, kwa pamoja. Waifungue hapa uani, mbele yetu, tuhesabu na kuandika kila kipande. Feza ya kwanza irudi sandukuni mpaka mkopo uishe, halafu wagawane faida. Kikitokea kitu cha thamani kubwa, wakiweke hapa kwa chama mpaka apatikane mnunuzi, kisigombanishe watu. Mimi nitakaa nao asubuhi za mwanzo, bila malipo.

Kwa marafiki wanaotutumia vifurushi vya nguo, aksanti sana, kutoka moyoni. Mkiweza, mtutumie mashuka, nguo za watoto, suruali za kazi, na viatu vilivyofungwa viwili viwili kwa kamba, maana kiatu kimoja tunacho tayari. Makoti ya theluji wapeni wenye theluji. Na mkiuliza kipi bora, kifurushi au mchango wa sanduku, nitasema sanduku: mwaka huu linanunua balo, mwaka kesho linalipa minervali.

Yule mama niliyemchelewesha yuko hapa leo, amekaa nyuma. Mtoto wake alirudi darasani mwaka uliofuata. Mwaka mzima uliopotea sikuweza kumlipa. Njo nimeona nilipe kwa kuwafundisha ninyi.